Damu ya kundi O haina jina: barua ya wazi kwa wanaosimamia kesi za jinai Zanzibar

Kwa Mheshimiwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, Mkurugenzi wa Mashtaka, Kamishna wa Polisi Zanzibar, Mkemia Mkuu wa Serikali, na Waziri mwenye dhamana ya Katiba na Sheria

Waheshimiwa,

Assalaamu alaykum.

Mimi ni fundi maabara mstaafu. Nimefanya kazi miaka 31 katika hospitali za Pemba, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa nimeinamia darubini nikitafuta vijidudu vya malaria na mayai ya kichocho. Kazi ya mahkama sikuisomea. Ilikuwa ikinifuata tu, kama inavyomfuata fundi yeyote wa hospitali ya wilaya: askari anaingia na bahasha, anasema, "Bi mkubwa, hii ya kesi," anaibwaga mezani baina ya vichupa vya mkojo, anaondoka zake kuwahi gari.

Ninaandika kwa sababu mwaka 1996 nilisema jambo kizimbani, likasikika kubwa kuliko nilivyolisema, nami nikanyamaza.

Kesi ilikuwa ya kuvunja nyumba usiku na kujeruhi. Mwenye nyumba alikatwa panga mkononi. Asubuhi yake kijana wa mtaa wa pili akakamatwa na shati lenye doa la damu kifuani. Nililetewa shati lile, na pamoja nalo kichupa cha damu ya mwenye nyumba. Nikapima doa, likatoka kundi O. Nikapima kichupa, kikatoka kundi O. Nikajaza fomu, nikatia saini na muhuri. Kijana alikuwa akisema tangu siku ya kwanza kwamba damu ile ni yake mwenyewe, alijikata kidole akipara samaki. Hakuna aliyeniletea damu ya kijana. Nami sikuiulizia, fomu haikuwa na nafasi ya kuulizia kitu.

Mahkamani mwendesha mashtaka akaniuliza: "Kwa utaalamu wako, damu ya kwenye shati ni sawa na damu ya mlalamikaji?" Nikajibu: "Ndiyo, ni sawa." Swali jengine halikuja. Mshitakiwa hakuwa na wakili. Alipoambiwa aniulize kama ana la kuuliza, alitazama vidole vya miguu yake akasema hana. Hukumu iliposomwa, ndani yake mlikuwa na maneno kwamba mtaalamu amethibitisha damu iliyokutwa katika nguo ya mshitakiwa ni ya mlalamikaji. Kijana akapewa miaka saba Chuo cha Mafunzo, yaani jela.

Nilisema damu hii ni sawa na yake. Ikaandikwa damu hii ni yake. Katika daftari langu la wachangia damu, karibu kila mtu wa pili alikuwa kundi O. Lau ningelichukua doa lile nikaenda nalo soko la Chake siku ya Ijumaa, nusu ya sokoni wangelikuwa "sawa". Mimi mwenyewe ni O.

Sisemi kijana yule hakufanya. Huenda alifanya, palikuwa na shahidi mwengine aliyesema alimjua kwa sauti. Ninachokijua ni kwamba doa langu halikuwa na nguvu ya kumtoa wala ya kumtia ndani, na ndilo lililotiwa mbele katika hukumu.

Miaka mitatu baadaye, kituo cha gari, mama mmoja mtu mzima alinishika mkono akanitazama sana. "Weye ndo uliyesema damu ya mwanangu?" Nikamwambia, mimi ndiye niliyepima. Hakunitukana. Alisema tu: "Ungalipima na yangu, ungaliniona na miye nimo." Akapanda gari lake. Mama yule hakuwahi kusoma hata darasa moja la skuli, na katika watu wote waliopitia kesi ile ndiye peke yake aliyeielewa kemia yake.

Mtaniambia, Bi mkubwa, hayo ni ya zamani, siku hizi kuna vinasaba, hiyo DNA. Ni kweli, nami nashukuru. Tangu Alec Jeffreys alipogundua njia ya kutambua mtu kwa vinasaba pale Leicester, Uingereza, mwaka 1984, sayansi hii imewatoa gerezani wengi wasio na kosa. Kesi ya kwanza ya mauaji iliyotumia kipimo hicho ilianza kwa kumsafisha kijana aliyekwishakiri kosa mbele ya polisi. Bila ya kipimo angelifungwa kwa ulimi wake mwenyewe. Kwa hiyo asije mtu akasema mzee huyu anapinga maendeleo.

Lakini mashine husoma kile kilichotiwa ndani yake. Namna kilivyofika hapo haina habari nayo. Wajerumani walimsaka mwanamke mmoja kwa miaka. Vinasaba vyake vilikutwa katika matukio kama 40 huko Ujerumani, Austria na Ufaransa, wizi mdogo na mauaji makubwa, likiwemo tukio la mji wa Heilbronn alipouawa askari wa kike mwaka 2007. Zawadi ya kumkamata ikafika yuro 300,000. Mwaka 2009 ikabainika kwamba mwanamke huyo hakuwahi kuiba hata sindano. Alikuwa mfanyakazi wa kiwandani, akishughulika na vijiti vya pamba ambavyo polisi walivinunua kuchukulia sampuli. Vijiti vilikuwa safi, vimeuliwa vijidudu vyote. Lakini kuua vijidudu si kuondoa vinasaba. Mimi nimetumia vijiti vya hospitali kuchukulia sampuli za polisi miaka yote, vya aina ile ile ya kuangalia koo la mtoto. Siku niliposoma habari hii niliweka gazeti chini nikaenda kutembea.

Na kabla ya maabara kuna njia. Enzi zangu sampuli ilikuwa ikitoka kijijini kwa pikipiki au gari ya shamba, inalala kituoni, inakuja hospitali, inalala, halafu inapanda boti kwenda Unguja, na za vinasaba kwa miaka mingi zilivuka tena hadi Dar es Salaam. Kabla ya waya wa umeme wa baharini kutoka Tanga mwaka 2010, Pemba tulikuwa tukitegemea majenereta ya Wesha, na friji la maabara lilikuwa likifanya kazi kwa kadiri ya dizeli. Wenzetu wa Unguja nao wanakumbuka giza la Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ni nani aliyeandika katika ripoti yoyote kwamba kichupa hiki kilikaa siku tatu bila ya baridi? Mimi sikuandika. Haikunijia kwamba ni jambo la kuandikwa.

Nipeni nafasi niwaonyeshe bahasha moja. Ililetwa na askari mdogo, mpole, aliyetoka nayo kaskazini ya kisiwa. Ndani mna mfuko wa plastiki umefungwa fundo, na ndani ya mfuko mna kanga ya mtoto. Nilipofungua fundo, harufu ilinipiga kama ya kisima kilichofunikwa. Kanga ilikuwa na ukungu wa kijani kila mahali palipokuwa na unyevu, yaani pale pale panapotakiwa kupimwa. Nguo yenye damu au majimaji ya mwili inataka ianikwe kivulini ikauke, kisha itiwe katika karatasi. Ukiifunga mbichi kwenye plastiki kwa joto letu hili, umeifanya pishi la bakteria. Askari hakufanya ubaya. Alifunga vizuri kadiri alivyojua, na fundo lenyewe lilikuwa zuri. (Mifuko ya plastiki tumeipiga marufuku Zanzibar mapema kuliko Bara, lakini marufuku hiyo iliishia sokoni.) Mfuko wa karatasi wa kaki unauzwa kila duka la vifaa vya skuli. Mheshimiwa Kamishna, hili halihitaji mfadhili.

Mahkama ya Rufani, katika Rufaa ya Jinai Na. 110 ya 2007, ilishasema wazi: kielelezo kiwe na maandishi yanayofuatana, yanayoonyesha nani alikikamata, nani alikiweka, kikaenda kwa nani, kikapimwa wapi, kikaishia wapi. Baadaye mahkama hiyo hiyo imelegeza kidogo kwa vitu visivyobadilika kirahisi, na inaeleweka, gari haliwezi kubadilishwa njiani likawa gari jengine. Lakini damu, mkojo, unga na kanga ndivyo vitu vinavyobadilika, tena vyenyewe, bila ya mtu kuvigusa. Ninaomba kitu kimoja cha kawaida: kila bahasha iwe na karatasi yake, na kila anayeipokea aandike jina, tarehe na saa, na hali aliyoikuta nayo. Ikiwa imelowa aandike imelowa. Ikitokea kukosekana saini moja, mwendesha mashtaka alijue hilo kabla ya kwenda mahkamani. Asingoje kuambiwa na jaji wa rufaa baada ya miaka sita, muda ambao mhalifu wa kweli anatoka akipunga mkono na mlalamikaji anarudi kijijini akiitwa mwongo.

Katika haya yote, alama za vidole ndizo watu wanazoziamini kuliko kitu chochote. Mwaka 2004, baada ya mabomu ya treni za Madrid, FBI, wapelelezi wa Serikali ya Marekani, walisema alama iliyokutwa kwenye mfuko wa plastiki ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Oregon, Marekani, aliyekuwa amesilimu. Wataalamu watatu wa FBI waliafikiana, na wa nne aliyeteuliwa na mahkama naye akakubali. Polisi wa Hispania walikuwa wakisema siyo. Mayfield alikaa ndani wiki mbili, mpaka Wahispania walipompata mwenye kidole, raia wa Algeria, ndipo FBI wakaomba radhi. Ukaguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani uligundua kwamba alama mbili zile kweli zilifanana mno, na kosa la mwanzo halikutokana na dini yake. Lakini dini yake huenda ilichangia wasirudi kuangalia upya. Hapo ndipo ninapowakumbuka maaskari wangu. Wengi wakileta bahasha husimulia: "Hii ya yule jambazi wa kule, tumeshamkamata, anakana tu." Mimi nikishasikia hivyo, jicho langu linakwenda kwenye darubini limekwishaelekezwa. Anayepima asiambiwe nani kashikwa. Apewe namba. Hilo nalo ni la bure.

Kesi za unga nazipitia kwa haraka kwa kuwa si kazi niliyoifanya mwenyewe, ila kanuni yake naijua. Kipimo cha rangi, kile cha kutia tone na unga ukageuka zambarau, ni cha kuchuja tu. Kinasema "huenda ikawa", na dawa nyengine halali zinaweza kugeuza rangi vile vile. Uthibitisho ni wa mashine inayotenganisha kemikali moja moja. Lakini hata mashine ina mtu nyuma yake. Boston, Marekani, mkemia Annie Dookhan alikuwa akisifiwa kwa kupima sampuli nyingi kuliko wenzake wote. Ikaja kujulikana nyengine hakuzipima kabisa, alizitazama kwa jicho akaandika. Alikiri makosa mwaka 2013, na mwaka 2017 kesi zaidi ya 21,000 zikafutwa. Kila kesi moja katika hizo ni mtu, na wengine walikuwa wakiuza sumu kweli, wakatoka nao. Mheshimiwa Mkemia Mkuu, sina neno baya juu ya vijana wako. Wanafanya kazi ngumu. Ninachokiomba ni wapimwe nao: mara kwa mara iingizwe baina ya sampuli za kweli sampuli ya majaribio ambayo jawabu lake linajulikana, bila ya wao kujua ni ipi, na matokeo yatangazwe, mazuri na mabaya. Ndivyo ninavyoielewa ithibati ya ISO 17025, kiwango cha kimataifa cha ubora wa maabara, inayozungumzwa kwenye maabara zote, kwamba si cheti cha kutundika ukutani. Na sampuli ikiwa inatosha, nusu ibakizwe ili upande wa pili uweze kuipima tena.

Sasa niseme la udhalilishaji, yaani kubakwa kwa watoto, ambalo ndilo lililonikosesha usingizi kuliko yote.

Najua hasira ya nchi hii juu ya kesi hizi, na ninaishiriki. Nimewapokea watoto hao. Mwaka 2021 Serikali ilianzisha mahkama maalum kwa ajili yao, na makosa mengi ya aina hiyo hayana dhamana. Ni sawa. Lakini adhabu inavyokuwa kubwa na rumande ndefu, ndivyo karatasi ya daktari inavyopaswa kuwa makini zaidi, na karatasi hiyo kwa miaka mingi imekuwa ikizunguka neno moja: bikira. "Bikira haipo," kwa hiyo kaingiliwa. "Bikira ipo," kwa hiyo mtoto mwongo. Nimeyaona yote mawili kwenye PF3, ile fomu ya polisi anayoijaza daktari, na yote mawili ni makosa.

Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani, pamoja na Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa na shirika lake la Wanawake, walitamka kwamba kipimo cha bikira hakina msingi wowote wa kisayansi na kinafaa kukomeshwa. Ngozi ile inatafautiana baina ya mtoto na mtoto tangu kuzaliwa, na inapona haraka. Mwaka 2004 madaktari wa Marekani walichapisha uchunguzi wa wasichana 36 wadogo waliokuwa wajawazito. Wajawazito, wallahi, hakuna ubishi wa nini kilipita. Waliokutwa na dalili ya wazi ya kuingiliwa walikuwa wawili tu. Wawili katika 36! Daktari wetu angeliwaandikia 34 wengine "hakuna kilichoonekana", hakimu angelisoma "hakuna kilichotokea", na mzazi wa upande wa pili angelitoka akishangilia.

Ni ile ile safari ya neno langu la mwaka 1996, ila imegeuzwa uso: kule "sawa" iligeuka "yake", huku "sikuona" inageuka "haikuwa". Ndiyo maana siwaelewi wanaosema kuhoji sayansi ya mahkama ni kuwatetea wahalifu. Karatasi mbovu inamfunga asiye na kosa Jumatatu na kumwachia mwenye kosa Jumanne. Mahkama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kubakwa unatoka kwa aliyetendewa mwenyewe. Basi na daktari aandike alichokiona, aseme pia kwamba kutokuona jeraha hakukanushi maelezo ya mtoto, na aliache neno bikira lipumzike.

Kuna na jambo la nyumbani ambalo wageni wanaokuja kutupa semina hawalijui. Mama akigundua, la kwanza ni kumwogesha mtoto. Kwake yeye ni huruma na ni tohara. Hawezi kumwacha mtoto na najisi hata saa moja. Kisha anafua nguo. Kisha panakaliwa kikao cha ukoo, kwa sheha, pengine kwa mkwe, zinapita siku mbili. Kutoka Kojani mpaka upate chombo, uvuke, upate gari, ni nusu siku nyengine. Sampuli ikifika kwangu ilikuwa ni maji na sabuni. Vituo vya Mkono kwa Mkono, vinavyowahudumia waliodhalilishwa mahali pamoja, vimesaidia wanaofika mapema, lakini la kuoga halitarekebishwa na kituo. Linataka masheha, walimu wa chuo na wakunga walisema kwa ulimi wetu: mlete kwanza, nguo ziachwe zilivyo, kisha ataoga. Na mahkama nayo ikumbuke, inaposoma "hakuna mbegu zilizoonekana", kuuliza mtoto alifika siku ya ngapi na alikuwa kashaogeshwa au bado. Mimi sikuwahi kuulizwa hilo hata mara moja.

Tumesoma wote Surat Yusuf chuoni. Mna kanzu tatu humo, na mbili ni za kesi. Ya kwanza ndugu zake waliileta kwa baba yao imepakwa damu ya uongo, wakasema mbwa mwitu kamla. Damu ilikuwepo, nyekundu, kweli kabisa. Wanavyuoni wanasimulia kwamba Mzee Yaqub aliitazama akaona haina hata tundu: mbwa mwitu gani huyu, amle mtoto asichane kanzu? Ya pili ilichanwa nyuma, na aliyehukumu hakutosheka na kuchanika; aliuliza imechanika upande gani, akaeleza kabla ya kuitazama kwamba upande wa mbele maana yake hii na wa nyuma maana yake ile. Ndipo Yusuf akatoka bila ya lawama. Sijapata kusikia somo la ushahidi lililo fupi kuliko hilo, na kila hakimu wa hapa kwetu alilihifadhi akiwa na miaka minane.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, ninayokuomba yapo mikononi mwa mahkama yako hata bila ya sheria mpya. Sheria inayaita maneno ya mtaalamu kwa jina lake, maoni, na Mahkama ya Rufani imesema mahkama haifungwi nayo. Lakini hakimu atayapima vipi ikiwa karatasi ina mstari mmoja? Ripoti za kwetu zilikuwa mistari miwili na muhuri, tena kwa Kiingereza, ambacho mshitakiwa hakijui na mara nyengine shahidi aliyeiandika anakivuta kwa taabu. Nazungumza juu yangu. Iandikwe kwa Kiswahili. Iseme kililetwa nini na kikiwa na hali gani, kilipimwa kwa njia ipi, jawabu ni nini, na jawabu hilo linaweza kuwaangukia watu wangapi wengine. Ripoti yangu ya mwaka 1996 ingeliongezwa sentensi moja, "kundi hili wanalo karibu nusu ya watu", nadhani hakimu yule, aliyekuwa mtu wa haki, angeliandika hukumu tafauti. Mshitakiwa aipate karatasi hiyo wiki kadhaa kabla ya kusikilizwa, asisomewe siku hiyo hiyo akiwa amesimama.

Na aliyepima aje. Asiyekuwapo na lake halipo, walisema wazee, lakini mahkamani karatasi ya asiyekuwapo ndiyo inayopata heshima kubwa kuliko watu waliokuja. Ikiwa boti ni ghali, kuna vidio. Mshitakiwa asiye na wakili aambiwe kwa maneno mepesi kwamba ana haki ya kumwuliza mtaalamu huyu, na hakimu mwenyewe amsaidie kwa maswali mawili matatu, kwa sababu mvuvi hatoki baharini akajua kuuliza juu ya kundi la damu. Tuna Sheria ya Msaada wa Kisheria tangu 2018. Wasaidizi wa sheria wa shehia wanafanya kazi kubwa, lakini katika kesi nzito msaada wa maneno hautoshi. Ufike hadi kumlipia mtu mtaalamu wa pili aisome ripoti ya wa kwanza.

Wataalamu wenyewe wameshakiri udhaifu wa fani zao. Mwaka 2009 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha Marekani kilitoa ripoti kwamba, ukitoa vinasaba, hakuna njia katika hizi za kulinganisha alama na vitu iliyothibitishwa barabara kuwa inaweza kila mara, kwa uhakika mkubwa, kukuonyesha mtu mmoja pekee. Nywele, meno, maandishi, risasi. Ikiwa wao wenye maabara za ghorofa sita wamekiri, sisi tunaogopa nini?

Namba ya jalada la kijana wangu sikuiandika hapa. Kashamaliza kifungo chake, yuko hai, ana watoto skuli. Lakini nimeinakili katika karatasi peke yake, pamoja na nakala ya ukurasa wa daftari langu wa siku ile na maelezo yangu, kwamba doa lile halikuwa na uwezo wa kusema lile lililosemwa kwa niaba yake, nikaomba maelezo hayo yaingizwe katika jalada. Jumatatu iliyopita niliipeleka mahkamani kwa mkono, kwenye bahasha ya kaki. Mpokezi alikuwa binti mdogo, akaiweka kwenye trei bila ya kuitazama. Nikamwomba atoe kitabu cha kupokelea. Akakitoa, akatia saini. Nikamwomba aandike na tarehe, akaandika. Nikamwomba aandike na saa. Akacheka, "Na saa tena, bibi?" Akatazama simu yake, akaandika: saa nne na dakika kumi asubuhi, bahasha kavu, imefungwa.

Wenu katika kazi,

Fundi maabara mstaafu,
Chake Chake, Pemba